Pipi mpya kila wiki: ni mpya kweli, au sukari ileile imebadilishiwa karatasi?

Swali: *Nina miaka 62, naishi Kirumba hapa Mwanza, nina wajukuu wanne. Tangu utoto wangu napenda pipi. Marehemu baba alikuwa akitoka mjini anarudi na pipi kwenye mfuko wa shati, kila mtoto moja, na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuimaliza ya kwangu. Mpaka leo mkoba wangu haukosi pipi. Zamani aina zilikuwa chache, tunazijua kwa majina. Siku hizi kila nikienda dukani nakuta ngeni: zinazopasuka mdomoni, zenye unga mkali, zenye maji katikati, zinazovutika kama mpira. Kila ngeni lazima niionje. Binti yangu ananiambia, "Mama, zote sukari ileile, wanabadilisha karatasi tu." Mtaalamu, ni kweli? Na kama ni kweli, mbona mimi naona kila moja ina jambo lake?*

Jibu: Shikamoo, mama. Kazi yangu ni kupika sukari. Nilianzia kiwandani, sasa nina chumba changu cha kupikia huku Nyakato, na ninafundisha akina mama wanaotaka kutengeneza pipi na kashata za kuuza. Kwa hiyo swali lako limenigusa. Binti yako hajakosea aliposema sukari ileile. Amekosea kwenye lile neno "tu".

Tuanzie kwenye sufuria. Ukichemsha sukari na maji unapata shira. Maji yanavyozidi kutoka, joto la shira linapanda, na kila nyuzi unayoruhusu ipande unachagua pipi ya aina nyingine. Ukiishia nyuzi 115 hivi utapata kitu laini cha kukandika, kama kile cheupe kinachojazwa ndani ya chokoleti. Ukiishia 120 uko kwenye tofi. Karibu na 130 ni nougat, ile nyeupe yenye karanga inayovutika kidogo. Ukifika 150 umepata pipi ngumu ya kumung'unya, ambayo imebakiwa na maji ya asilimia 1 hadi 3 basi. Ukipita 160 sukari inageuka kahawia, inaanza kunukia na kuwa na uchungu kidogo kwa mbali, na hapo ndipo kashata nzuri ya karanga inapopata rangi yake. Tofi ina maziwa na mafuta, ni kweli, lakini ulaini wake unatokana kwanza na maji uliyoyaacha ndani.

Nikueleze jambo ambalo mimi mwenyewe lilinitesa. Nilipoanza kupika hapa Mwanza nilikuwa na kitabu kizuri, vipimo vyote vimeandikwa. Nilipika tofi kwa nyuzi 120 kama kilivyosema, nikamwaga kwenye sinia, ikatoka ngumu ya kuvunja jino. Nikarudia. Ikatoka vilevile. Nikailaumu sukari, nikaulaumu mkaa, mwishowe nikakilaumu kipimajoto. Siku moja nikakitumbukiza kwenye maji matupu yanayochemka, kikasoma 96. Kumbe kipimajoto kilikuwa kizima kabisa. Ziwa letu liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na juu huku maji yanachemka kabla ya kufika 100. Kitabu kiliandikwa na mtu wa pwani ya mbali. Tofi yake ya 120 kwetu ni ya 116. Zile nyuzi nne ndizo zilizokuwa zinanikaushia tofi. Tangu siku hiyo kila mwanafunzi wangu anaanza kwa kuchemsha maji matupu na kusoma kipimajoto, ndipo nampa sukari.

Kwa hiyo hata hapo, kabla ya rangi, kabla ya harufu, kabla ya karatasi, sufuria moja imeshatoa pipi nne au tano ambazo ulimi hauwezi kuzichanganya.

Halafu kuna suala la umbo la ndani. Sukari yenyewe inapenda kurudi kuwa chembe. Ukiiacha ipoe inavyotaka, inajipanga upya na pipi inakuwa ya mchangamchanga. Ili iwe ngumu na ang'avu lazima uizuie, na kinachoizuia ni glukosi ya maji au tone la limau. Limau linaivunja sukari iwe vipande viwili tofauti, na vipande hivyo vinaiingilia ile nyingine isijipange. Matokeo yake ni kioo. Sisemi kwa mfano tu: pipi ngumu ni kioo kwa maana ya kitaalamu, imeganda bila kupata nafasi ya kujipanga. Ndiyo maana mwanga unapita ndani yake, na ndiyo maana inapasuka kama kioo ukiiangusha.

Sasa chukua shira hiyohiyo ya pipi ngumu, ikiwa bado ya moto na inakunjika, uivute, uikunje, uivute tena. Inageuka nyeupe yenye mng'aro wa hariri, na ukiitafuna inavunjika kwa wepesi badala ya kukukaba. Hiyo ndiyo gubiti, mama, na najua umezila. Hakuna kilichoongezwa isipokuwa hewa. Niliwahi kumwona mzee mmoja akivuta gubiti kwenye msumari mkubwa uliopigiliwa ukutani, mikono imepakwa mafuta, na kila mkunjo rangi inazidi kufifia kuelekea weupe. Nilisimama pale mpaka akamaliza.

Zile za kutafuna kama mpira ni ukoo mwingine kabisa. Hizo zinabebwa na jelatini, inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, au pektini inayotokana na matunda. Zile zenye umbo la dubu zilianza Ujerumani: Hans Riegel wa mji wa Bonn, aliyefungua kampuni yake ya Haribo mwaka 1920, akatoa dubu wake wa kwanza mwaka 1922. Viwandani hazimwagwi kwenye vyombo vya chuma. Unga mkavu wa wanga wa mahindi unasambazwa kwenye trei, unagandamizwa mashimo yenye umbo linalotakiwa, shira inamiminwa humo, na unga wenyewe unanyonya unyevu mpaka pipi iwe imara. Mahindi hayo hayo tunayosongea ugali.

Kuna zile zilizogandamizwa bila kupikwa, kama vidonge vya mnanaa. Jina peremende lenyewe lilitokana na neno la Kiingereza la mnanaa, ingawa wengine wanakiita hivyo kila kitu kitamu cha kumung'unya. Chokoleti nayo ni mlango mwingine, na kwa joto letu la mchana ni mlango wenye shida: siagi ya kakao inayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, ndiyo maana nyingi za bei nafuu dukani zimewekwa mafuta mengine ya mimea badala yake. Sitakaa hapo.

Zinazopasuka mdomoni ndizo ninazotaka binti yako azisikilize, kwa sababu hizo zilikuwa mpya kweli. Mkemia wa Marekani, William A. Mitchell, alizipatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1961. Alichukua shira ya pipi ngumu ikiwa ya moto, akaisukumia hewa ya kaboni dioksidi kwa shinikizo kubwa sana, karibu mara 40 ya shinikizo la hewa tunayovuta, kisha akaipoza hivyohivyo ikiwa imebanwa. Ilipoganda, viputo vidogo vya hewa vilifungiwa ndani ya kioo. Pipi ikiingia mdomoni mate yanayeyusha kuta za vile viputo, na kila kimoja kinapasuka na kutoka na nguvu yake. Unachosikia kwenye ulimi ni hewa iliyofungwa kiwandani, inatoka kwako. Mimi bado hunishangaza, na nimeshazila nyingi.

Zenye maji katikati ni kazi ya ufundi zaidi kuliko uvumbuzi: bomba la shira laini linapita ndani ya kamba nene ya pipi ya moto, halafu kamba inakatwa na kufungwa midomo. Zenye unga mkali ni pipi za kawaida zilizopitishwa kwenye mvuke kidogo na kuvurugwa kwenye sukari yenye asidi ya sitriki, ile ya limau, au ya maliki, ile ya tofaa. Ukali uko nje kwanza, ndiyo maana uso unakunjamana halafu utamu unakuja kukutuliza.

Ukiniuliza nihesabu miili ya pipi, yaani vitu ambavyo mdomo unavijua kuwa tofauti hata ukifumba macho na kuziba pua, nitakutajia kama saba: kioo, iliyovutwa, ya chembe, tofi, ya kutafuna ya jelatini, iliyogandamizwa, chokoleti. Zile mia unazoziona kwenye makopo ya Makoroboi na Mlango Mmoja hapa mjini ni miili hiyo saba imevishwa.

Na kuvisha ni rahisi, ndiyo maana ngeni haziishi. Rangi, harufu na asidi vinawekwa mwishoni, shira ikishatoka motoni, kwa sababu moto ungeifukuza harufu na asidi nyingi kuliko lile tone la limau ingeiharibu shira. Kwa hiyo mashine moja, sufuria moja, asubuhi inatoa nanasi, mchana inatoa embe, jioni tangawizi. Kiwanda hakijengi kitu. Kinabadilisha chupa ya arki na roli ya karatasi. Na kwa bidhaa ambayo mwenye duka anakurudishia moja badala ya chenji ya shilingi 50, ugeni ndio karibu kitu pekee kinachomfanya mtoto aelekeze kidole kwenye kopo hili na si lile.

Hapo binti yako atasema, unaona? Karatasi tu.

Mwambie afungue kabati atoe kanga zako. Pamba ile ile yote. Sisi wa Kanda ya Ziwa ndio tunaoilima, na wazee wa mji huu wanakumbuka kiwanda cha Mwatex kilipokuwa kikifuma nguo hapahapa. Lakini kila kanga ina pindo lake, mji wake na jina lake, na hakuna mwanamke atakayekubali umwambie kwamba doti aliyopewa siku ya harusi na doti ya msibani ni pamba ileile imebadilishwa rangi. Ni pamba ileile. Na si kitu kimoja.

Upande wa ulimi jambo hili limepimwa. Mwaka 1981, Barbara Rolls na wenzake kule Oxford walieleza kitu ambacho kila mpishi wa sherehe anakijua bila kukipa jina: mtu akila chakula kimoja, hamu ya chakula hicho inashuka haraka, lakini hamu ya vyakula vingine inabaki karibu palepale. Hushibi kwa tumbo peke yake, unashiba ladha kwa ladha. Baadaye kidogo walijaribu kwa chokoleti ndogo za rangi rangi, zote zikiwa na ladha moja. Watu walipokula za rangi moja, rangi waliyoila ndiyo waliyoiona imepungua kupendeza kuliko zile ambazo hawakuzila. Rangi tu, mama. Kwa hiyo unaposema kila ngeni ina jambo lake, hujidanganyi. Mdomo wako unafanya kazi uliyoumbiwa, kazi ya kutafuta vyakula vingi tofauti badala ya kukwama kwenye kimoja.

Lakini hapohapo ndipo mtego ulipo, na kwa umri wako nisipokueleza nitakuwa nimekunyima heshima. Ukiweka aina kumi mezani utakula nyingi kuliko ukiweka moja, kwa sababu kila moja inafufua hamu upya. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na ingekuwa vizuri zaidi ikiwa nusu ya hapo. Pipi moja ngumu ina gramu tatu hadi tano. Hesabu hiyo ukiiweka pamoja na chai yako ya asubuhi na soda ya msibani, nafasi ya pipi si kubwa. Kama hujapima sukari ya damu mwaka huu, kapime. Na kama umeshaambiwa ipo juu, ongea na daktari wako kabla ya kuongea na mimi.

Kuhusu meno kuna kisa ambacho ni cha kusikitisha, na somo lake ndilo tunalolitumia hadi leo. Mwishoni mwa miaka ya 1940, kwenye hospitali ya Vipeholm huko Sweden, watu wenye ulemavu wa akili walipewa tofi kubwa za kunata kwa makusudi, kuona meno yatafanya nini. Hawakuwa na uwezo wa kukataa, na leo jambo hilo lisingeruhusiwa popote. Meno yao yalitoboka. Kilichoonekana ni kwamba sukari iliyoliwa pamoja na chakula haikudhuru sana. Kilichoharibu ni ile inayonata, inayoliwa kila mara kati ya mlo na mlo. Kutokana na hapo Waswidi walishauriwa kuwapa watoto pipi siku moja kwa wiki, na mpaka leo wana desturi ya pipi za Jumamosi.

Ningekuwa mimi wewe, mama, ningeichukua hiyo Jumamosi. Pipi ya mkobani inayomung'unywa kutoka Kirumba mpaka Buhongwa ndani ya daladala inaogesha meno kwa asidi njia nzima. Aina tatu ngeni zilizowekwa akiba, zikaliwa siku moja baada ya chakula cha mchana pamoja na wajukuu, mnalinganisha hii na ile, zitakupa raha zaidi. Wale walio chini ya miaka minne au mitano usiwape ngumu wala za mviringo, zinaweza kuwakaba.

Kwenye karatasi angalia mambo machache. Tarehe. Alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambao tangu mwaka 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula. Neno jelatini, kama nyumba yenu haili nguruwe: tafuta iliyoandikwa ya ng'ombe, au halali, au pektini. E120 ni rangi nyekundu inayotokana na mdudu, haidhuru watu wengi, lakini wengine wangependa kujua. Na E102, ile ya njano, ipo kwenye kundi la rangi ambazo Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2010 unataka ziandikwe onyo kwamba zinaweza kuathiri utulivu wa watoto.

Nimesema mengi ya wageni, na sijasahau ya kwetu. Bibi yangu hakununua pipi. Alikuwa na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juu ya mwamba mpaka vikawa vya kutafunika. Utamu wake hauwekwi na mtu: kiazi kikipata moto polepole, kilichomo ndani yake chenyewe kinageuza wanga kuwa sukari, na jua linakausha maji kama sufuria yangu inavyofanya. Tofi ya Usukumani, bila kipimajoto. Ndiyo pipi ya kwanza niliyoijua, na sijaonja iliyonigusa zaidi.

Sasa nakupa ya kwako, uwe unatoa ngeni badala ya kuzinunua tu. Sukari nusu kilo, maji robo lita, glukosi ya maji gramu 150, wauzaji wa vifaa vya keki wanayo. Wajukuu wakae mbali, shira ikidondoka kwenye ngozi inanata huku inaunguza. Koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha uache mwiko kabisa, usiguse tena. Kwetu hapa iepue kwenye nyuzi 146. Kama huna kipimajoto, dondosha tone kwenye bakuli la maji baridi: likivunjika kwa mlio, iko tayari. Tia iliki iliyotwangwa, mimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, na kabla haijawa ngumu ikate vipande kwa kisu chenye mafuta. Zikipoa, zipitishe juu ya mvuke kwa sekunde chache, uzivuruge kwenye unga wa ubuyu uliochanganywa na sukari ya kusaga. Ubuyu una ukali wake wa asili, hauhitaji asidi ya dukani. Zianike saa moja ndani ya nyumba, dirisha la upande wa ziwa likiwa limefungwa, halafu uzifunge moja moja kwenye karatasi siku hiyohiyo. Pipi ngumu inanyonya unyevu wa hewa kuliko chumvi, na msimu wa mvua ukiziacha wazi usiku kucha, asubuhi utakuta zimeshikana zote kuwa moja.